Laini ya bei nafuu inapohamishiwa minara mingine: mwongozo kwa mteja wa Lamu

Nyingi kati ya kampuni zinazouza laini za bei nafuu hazina mnara hata mmoja. Hununua kwa jumla nafasi katika mtandao wa kampuni kubwa, kisha huiuza rejareja kwa jina lao, kwa bei yao na kwa huduma yao ya wateja, kama mpangaji anayefungua duka katika nyumba ya mwingine. Mteja huliona jina la mpangaji kwenye kioo cha simu na kudhani kwamba mawimbi nayo ni yake. Mkataba wa upangaji unapokwisha, au mwenye minara mwingine anapotoa bei iliyo bora, mpangaji huhama, na wateja wake huhamishwa pamoja naye hadi kwenye minara ambayo hawakuichagua wao.

Hapa Kenya Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa leseni za aina hii mwaka 2014 kwa kampuni tatu, na inayojulikana zaidi ni Equitel, ya Finserve Africa iliyo chini ya kundi la Equity, ambayo imekuwa ikipitisha simu zake katika mtandao wa Airtel. Naitaja si kwa sababu inahama, bali kwa sababu ndiyo mfano ulio karibu nasi wa laini yenye jina moja na minara ya jina jingine. Mwaka huohuo wa 2014 tuliona jambo linalofanana na hilo: kampuni ya Essar iliyokuwa ikiuza laini za yu ilipoondoka sokoni, wateja wake walichukuliwa na Airtel na mitambo yake ikachukuliwa na Safaricom, yaani mteja na mnara aliouzoea wakaelekea njia mbili mbalimbali.

Ughaibuni, ambako wengi wetu tuna ndugu, uhamaji huu ni wa kawaida zaidi. Virgin Mobile ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1999 na ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina hii duniani, ilikuwa kwenye mtandao ambao baadaye ulikuja kuwa EE, ikaanza kuelekea Vodafone, kisha baada ya kuungana na O2 mwaka 2021 wateja wake wakapelekwa O2. Asda Mobile nayo ilitoka EE ikaenda Vodafone, na wateja wake wakahitaji kadi mpya za simu (SIM). Kule Marekani, Verizon, kampuni yenye minara, ilipoinunua TracFone, mpangaji wa aina hii, mnamo Novemba 2021, iliinunua kampuni iliyokuwa na wateja wengi kwenye minara ya washindani wake.

Naandika kwa ajili ya mtu wa Lamu kwa sababu kosa ambalo mtu wa Mombasa hulirekebisha kwa kuvuka barabara, hapa huweza kugharimu siku nzima. Kutoka Kizingitini au Kiwayu hadi duka la simu lililoko mjini Amu, yaani mji wa Lamu, ni safari ya boti, na kupita mfereji wa Mkanda kunategemea maji kujaa. Kwa hiyo shauri langu kuu ni kwamba usingoje siku ya mwisho iliyoandikwa kwenye tangazo. Hama mapema, kadi ya zamani ikiwa bado inafanya kazi, na uhame ukiwa mahali penye duka.

Kwa nini kadi hubadilika

Watu wengi hukasirika wanapoambiwa wachukue kadi mpya ilhali namba ni ileile. Sababu yake inafaa kueleweka, kwa kuwa ndiyo inayoeleza karibu kila tatizo litakalofuata. Ndani ya kadi ya simu mna namba nyingine ambayo mteja haioni, yenye tarakimu 15 kwa kawaida, ambayo mtandao huitumia kuitambua kadi hiyo. Tarakimu tatu za mwanzo ni za nchi, na kwa Kenya ni 639. Zinazofuata ni za mtandao, kwa mfano 02 kwa Safaricom, 03 kwa Airtel, 07 kwa Telkom na 10 kwa Jamii, wenye Faiba. Pamoja na namba hiyo mna ufunguo wa siri ambao nakala yake imo katika mitambo ya mtandao, na simu yako hukubaliwa tu pale funguo hizo mbili zinapolingana. Mpangaji asiye na mitambo yake ya ndani hutumia namba na funguo za mwenye minara, kwa hiyo akihama hana budi kukupa kadi nyingine. Mpangaji mwenye mitambo yake mwenyewe, au mwenye kadi zinazoweza kubeba utambulisho zaidi ya mmoja, anaweza kukuhamisha kwa ujumbe unaotumwa kimyakimya, nawe ukahitajika tu kuizima simu na kuiwasha.

Namba yako ya 07 au 01 haimo katika fungu hilo. Hiyo imeunganishwa na kadi katika mitambo, ndiyo maana inaweza kubaki vilevile wakati kila kitu kilicho chini yake kimebadilishwa.

Namna ya kulisoma tangazo

Tangazo la kuhama huja kwa ujumbe mfupi, na mara nyingi huandikwa kwa lugha ya furaha: mtandao bora, kasi zaidi, huduma mpya. Yapitie maneno hayo haraka, kisha utafute mambo yafuatayo na, kama hayamo, upige simu huduma kwa wateja uyaulize moja baada ya jingine. Uliza tunahamia minara ya nani, kwa jina. Uliza kadi ya zamani itakufa tarehe gani, na kadi mpya itapatikana wapi, na kama wakala wa Faza, wa Mpeketoni au wa Witu atakuwa nayo au itabidi kuifuata mjini. Uliza muda wa maongezi na bando ulilokwisha kulilipia vitahamia katika kadi mpya au vitapotea. Uliza kama bei inabaki ileile, na kama kuna huduma uliyokuwa nayo ambayo haimo katika mkataba mpya.

Swali hili la mwisho huachwa mara nyingi, nami naliona zito kuliko bei. Mwenye minara hamuuzii mpangaji kila alicho nacho. Anaweza kumwuzia 4G asimwuzie 5G. Anaweza kutomruhusu kupitisha simu za sauti juu ya 4G. Anaweza kumnyima upigaji wa simu kupitia waifai, au matumizi ya laini ukiwa nje ya nchi. Tena ipo mikataba inayowaweka wateja wa mpangaji nyuma ya wateja wa mwenye nyumba wakati mtandao umejaa. Siku za kawaida tofauti hiyo haionekani. Lakini wakati wa Maulidi, kisiwa kinapofurika wageni na kila mmoja anatuma picha kutoka uwanja wa Riyadha, anayewekwa nyuma ndiye ambaye ujumbe wake hauendi.

Kuijaribu minara mipya kabla ya kuhamia

Ramani za mtandao zinazotolewa na kampuni huonyesha rangi moja juu ya kisiwa kizima, na mtu anayeishi katika mji wa kale wa Amu hawezi kuzitegemea. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta ni nene, na mitaa ni myembamba kiasi cha watu wawili kupishana na punda kwa shida. Mawimbi ya masafa ya chini, kama yale ya 700 na 800 MHz, hupenya kuta kama hizo vizuri zaidi kuliko ya 1800 au 2100 MHz. Inawezekana basi mtandao ukawa na nguvu darini na barazani, na usiwepo kabisa mle ndani ambamo mgonjwa au mzee analala na ambamo simu inahitajika zaidi.

Njia ya kujua ni kujaribu. Ikiwa jirani au jamaa ana laini ya kampuni ambayo minara yake ndiyo mnayohamia, mwombe aje na simu yake, aingie nayo kutoka daka la mlangoni hadi kiwandani, yaani uani, kutoka msana, yaani ukumbi, hadi ndani, na kila mahali apige simu na afungue ukurasa mmoja wa intaneti. Ikiwa hakuna, nunua kadi ya kampuni hiyo, uisajili kwa kitambulisho chako kama sheria inavyotaka, na uiweke katika nafasi ya pili ya simu yako kwa wiki moja. Ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na kugundua baada ya kuhama kwamba hupatikani nyumbani kwako.

Jaribu pia kule unakofanyia kazi. Aliye na shamba huko Hindi, upande wa bara, anayechukua abiria kati ya Amu na Mokowe, anayevua nje ya Kiwayu, anayekata boriti upande wa Matondoni, kila mmoja ana sehemu zake ambazo wenye mtandao hawazijui. Juu ya maji mawimbi husafiri mbali kwa kuwa hakuna cha kuyazuia, kwa hiyo chomboni mtandao huweza kuwa mzuri kuliko kijijini. Usihukumu kwa hilo peke yake. Mvuvi ni bora aandike kwa karatasi ni wapi mtandao wa sasa unakatika na ni wapi ule mpya unakatika, maana simu ndiyo anayoitegemea chombo kikiharibika. Rudia jaribio saa mbili au saa tatu za usiku, watu wengi wanapokuwa mtandaoni, kwani mtandao unaokimbia alfajiri huweza kusimama kabisa saa hizo.

Ukumbuke kwamba kadi ya mwenye minara inakuonyesha hali iliyo bora kabisa ya minara hiyo. Laini ya mpangaji itakuwa sawa nayo au chini yake, haitakuwa juu yake.

Simu yenyewe inaweza kukataa

Faiba walipoanza huduma yao ya simu mwaka 2017 walitumia 4G peke yake, katika masafa ya 700 MHz. Mwenye kabambe, yaani simu ya vibonye, ya 2G hakuweza kuitumia laini hiyo hata kama mnara ulikuwa mlangoni pake, na hata simu za kisasa zisizo na masafa hayo zilishindwa. Kule Marekani, wateja wa Boost Mobile waliokuwa na simu za mfumo wa zamani wa mtandao wa Sprint walizikuta simu hizo hazifai tena mtandao huo ulipozimwa mwaka 2022. Uingereza nako mitandao ilianza kuzima 3G mwaka 2023, na simu isiyoweza kupitisha sauti juu ya 4G hulazimika kurudi 2G.

Kabla ya kukubali kuhama, bonyeza *#06# upate namba ya utambulisho wa simu yako, uiandike, na uwaulize huduma kwa wateja kama aina ya simu hiyo imethibitishwa kwa mtandao mpya, kwa intaneti na kwa sauti pia, kwa kuwa hayo ni mambo mawili. Simu iliyoletwa na ndugu kutoka ng'ambo huenda imefungwa kwa kampuni ya huko au haina masafa yanayotumika hapa. Kwa wazee wenye kabambe swali ni moja tu: je, minara mipya ina 2G huku kwetu? Ikiwa haina, mzee atahitaji simu nyingine, na ni haki ajue hivyo mapema, si siku ambayo simu yake imenyamaza.

Vitu vilivyoning'inia kwenye namba

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Namba ya simu siku hizi imebeba pesa, akaunti ya benki, WhatsApp, barua pepe, huduma za serikali na akiba ya chama. Chukua karatasi uandike kila mahali ulipoiandikisha namba hiyo, kisha ushughulikie mambo mawili matatu kabla ya kugusa kadi.

Pesa kwanza. Ikiwa huduma ya pesa ni ya kampuni yako yenyewe, uliza kama inahama pamoja nayo na kama itasimama kwa saa kadhaa. Ikiwa huduma ya pesa ni ya mwenye minara wa zamani, usiache salio humo. Litoe, au lihamishie benki, na upate taarifa ya akaunti ikiwa una mkopo unaolipwa kupitia humo. Kulinda pesa kwa siku mbili si uoga. Usipange kulipa karo, mahari au bei ya samaki siku unayobadilisha kadi.

Benki pili. Benki nyingi zinapoona kadi imebadilishwa chini ya namba ileile huisimamisha huduma ya simu kwa muda, kwa kuwa ndivyo wezi wanavyofanya pia. Ni ulinzi mwema, ila unakukuta huna njia ya kupata pesa. Pitia tawini au upige simu kabla, useme kadi yako itabadilishwa na kampuni, na uulize watataka nini ili waifungue tena. Ikiwa tawi lako liko mbali, weka fedha taslimu za kukutosha.

Tatu ni majina. Wazee wetu wengi wamehifadhi namba za watoto na jamaa ndani ya kadi, si ndani ya simu. Kadi ikitolewa, namba zote huenda nayo. Nenda kwenye orodha ya majina, uyanakili yote kutoka kwenye kadi hadi kwenye simu, na yale muhimu uyaandike pia kwa kalamu. Anayemsaidia mama au bibi kuhama na akasahau hatua hii atakuwa amemkata na watu wake.

WhatsApp haiathiriki kwa kubadilisha kadi ikiwa namba imebaki ileile na simu ni ileile, lakini weka namba ya siri ya uthibitisho wa hatua mbili mapema, ili hata mtu akiipata laini yako asiweze kuifungua kwake.

Matapeli hulisubiri tangazo kama unavyolisubiri wewe. Msimu wa kuhama ndio msimu wa simu zinazosema, "Laini yako itafungwa leo, bonyeza hivi, tupe namba ya siri tukuhamishe." Hakuna kampuni inayohitaji namba yako ya siri ya pesa ili kukubadilishia kadi, wala namba ya mara moja uliyotumiwa na benki. Ukipigiwa simu kama hiyo, ikate, kisha wewe mwenyewe uipigie kampuni kwa namba iliyochapishwa kwenye kadi yako.

Siku ya kubadilisha

Chagua asubuhi ya siku ya kazi, si Ijumaa jioni. Nenda na kitambulisho, simu iliyojaa chaji, na mtu mwingine mwenye laini ya mtandao tofauti ili muweze kupigiana. Weka kadi mpya, zima simu, uiwashe, na usubiri. Ikipata mtandao, usiondoke dukani mpaka umefanya mambo haya yote: umepiga simu na ukapigiwa, umetuma ujumbe mfupi na ukapokea, umefungua intaneti ukiwa umezima waifai, na umeangalia salio la pesa. Simu ikipiga lakini intaneti haifunguki, mara nyingi kasoro iko katika mipangilio ya APN, yaani anwani ambayo simu hupitia kufika kwenye intaneti, iliyobaki ya mtandao wa zamani. Mwenye duka ataiandika upya kwa dakika moja, au uiombe kwa ujumbe kutoka huduma kwa wateja. Ikiwa unapiga ila hupigiwi na watu wa mtandao fulani, basi namba yako bado haijaelekezwa sawasawa katika mitambo yao, na hilo haliwezi kurekebishwa na simu yako, litolee taarifa.

Kadi ya zamani usiitupe hadi wiki kadhaa zipite. Namba iliyochapishwa juu yake, inayoanza na 89254 kwa kadi za Kenya, huombwa pale inapobidi kuthibitisha kwamba laini ilikuwa yako.

Ukiamua kutohama nao

Huna wajibu wa kumfuata mpangaji. Kenya imeruhusu mteja kuhamisha namba yake kwenda kampuni nyingine tangu Aprili 2011. Ombi hupelekwa kwa kampuni unayoitaka, ukiwa na kitambulisho, wala si kwa ile unayoiacha. Lipa kwanza deni lolote la muda wa maongezi ulilokopa, na utoe pesa zako zote, kwa sababu akaunti ya pesa ya kampuni unayoiacha haifuatani na namba. Muda wa maongezi na bando navyo hubaki nyuma, basi vitumie.

Kwa ndugu walioko Uingereza kanuni zinawasaidia zaidi: kampuni inapofanya badiliko linalomdhuru mteja wa mkataba, lazima impe taarifa ya angalau mwezi mmoja, na mteja anaweza kuondoka bila kutozwa faini. Akitaka kuondoka na namba yake hutuma neno PAC kwenda 65075, naye hupewa namba ya kuhamia inayodumu siku 30. Mtumie jamaa yako maelezo hayo, hasa ikiwa namba hiyo ya huko ndiyo benki yake inayoitumia.

Huduma ikiharibika baada ya kuhama, lalamika kwa maandishi na kwa mambo yanayopimika. Malalamiko ya kwamba "mtandao ni mbaya" hujibiwa kwa samahani. Malalamiko yanayotaja mtaa, tarehe, saa, aina ya simu na kilichoshindikana hulazimu jibu. Yapeleke kwanza kwa kampuni inayokuuzia laini, hata kama unajua kwamba mnara ni wa mwingine, kwa kuwa mkataba wako uko nayo, na uombe namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Wasipokujibu, peleka lalamiko hilohilo pamoja na namba hiyo kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo ina kanuni za kuwalinda watumiaji tangu mwaka 2010. Ikiwa mtaa mzima wa Langoni au kijiji kizima cha Siyu kimepoteza mtandao, andikeni barua moja yenye majina ya wote, mahali na saa za kila mmoja.